Marinda au Marefu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba haraka kabla sijasahau nilichotaka kukuomba, maana ndivyo anavyonisema mwanangu wa kike, kwamba siku hizi mimi ni mtu wa kusahau, na amelisema hilo mara nyingi mpaka juzi nilijikuta nimesimama katikati ya chumba changu cha kushonea najitajia jina langu mwenyewe kwa sauti, nione kama bado ninalo.

Mimi ni fundi cherehani, mjane wa miaka sitini na mitatu, na kazi hii nimeifanya miaka thelathini na minane katika chumba kilekile chenye mlango wa bati na dirisha moja, cherehani ikiwa dirishani na meza ya kukatia katikati, na nyuma ya ukuta wa kushoto yupo fundi wa kuchomelea vyuma ambaye zamani alikuwa ananitoa roho na ile mashine yake ya kusagia vyuma, tukagombana mpaka tukachokana, ila siku hizi nashukuru amekuwa mstaarabu, nadhani kanunua mashine mpya, wala hanisumbui. Miaka yote hiyo sijawahi kuandika kipimo cha mtu. Sina daftari. Namzungushia mteja utepe, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, namwambia nenda zako, na akirudi baada ya miaka miwili namwambia wewe bega lako la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na kiuno umeongeza inchi mbili, usinifiche. Mtaa mzima unanijua kwa hilo.

Sasa sikiliza balaa. Miezi miwili iliyopita alikuja kiongozi wa kikundi cha akina mama waimbaji wa mtaani kwetu, tunamwita Mama Sauti, mwanamke ambaye akiimba husikika mpaka mtaa wa pili lakini akiongea hunong'ona, eti anaitunza sauti, akasimama pale mlangoni nami niko cherehanini namalizia pindo la pazia, na kwa kuwa sipendi kuacha mshono katikati nikaendelea kushona huku yeye akieleza wanachotaka, magauni manane ya kuvaa kwenye mashindano, nami nikamwitikia, sawa mama, sawa, nimekupata. Akaleta kitambaa cha bluu, robota zima. Nikawapima wote wanane, na viuno vyao ninavyo kichwani mpaka hivi ninavyokuandikia. Nikashona magauni marefu, ya kunyooka, yanayofika kwenye vifundo vya miguu, mshono wake ungeuona ungedhani yametoka kiwandani, na kitambaa kikabaki kingi, karibu nusu, nikajisemea hawa akina mama wana mkono mpana.

Siku tatu kabla ya mashindano wakaja kuyajaribu. Mama Sauti akavaa la kwanza, akajaribu kuzunguka kama wanavyozunguka wakiimba, gauni likamng'ang'ania magotini, akabaki anarukaruka kama mtoto aliyeingia kwenye gunia, akanigeukia.

"Mama, marinda yako wapi?"

"Marinda gani? Si ulisema marefu?"

"Nilisema marinda. Magauni ya marinda, tukizunguka yafunguke. Nilisimama pale pale mlangoni nikasema mara mbili."

"Ulisema marefu."

"Mama fundi, umesahau tu, si kosa lako."

Mshauri, sikusahau! Naikumbuka siku ile kama ya leo, nakumbuka pazia lilikuwa la maua ya njano, nakumbuka Mama Sauti alivaa viatu vya kahawia na cha kushoto kimekatika kamba, na nakumbuka neno lenyewe, marefu, lakini wao ni wanane na mimi ni mmoja, wakaenda kuimba na sare zao kuukuu zinazowabana, wakashika nafasi ya mwisho, na waliporudi Mama Sauti akawaambia watu kwamba yule mama wa watu umri umeenda, tumwache apumzike. Siku hiyo hakunong'ona, hilo nililisikia vizuri. Magauni yote manane bado ninayo kwenye rafu, na kitambaa kilichobaki nimekikunja juu yake, na kila nikiinua macho naona bluu.

Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Mwanangu ni mwalimu wa darasa la nne, anaishi nami yeye na mumewe, na tangu siku ile amenigeuza mwanafunzi. Kila jioni akiosha vyombo, bomba limefunguliwa, mgongo kanipa, ananipa mtihani wa mdomo. Mama, asubuhi nilikuambia nini? Mama, jirani kapata mtoto gani? Mama, nilisema daktari wa meno ni lini? Maswali kumi. Juzi nimepata manne, akaandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, nne kati ya kumi, ongeza bidii, akaibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni ambapo mkwe wangu anaiona kila akifuata kikombe. Cha ajabu, chemshabongo za gazetini nazimaliza chai haijapoa. Akiniandikia orodha ya vitu ishirini vya sokoni naisoma mara moja, naiacha mezani, narudi na vitu vyote ishirini. Ananiambia nikipiga mswaki nihesabu kutoka mia kurudi nyuma saba saba, nahesabu, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, namaliza povu limenijaa kidevuni. Lakini maswali yake ya mdomo nafeli, naye anasema hiyo ndiyo dalili yenyewe, mambo mengine yanabaki, mambo ya leo ndiyo yanayopotea.

Na ushahidi anao, siwezi kukataa. Wiki iliyopita eti aliniambia nizime jiko, yeye yuko bafuni anaoga, eti nikamjibu "haya", na sufuria ikaungua mpaka ikatoboka. Mumewe naye, kijana mpole, ananiheshimu kupita kiasi, akiongea nami hutazama chini na kukiambia kifua chake, wanasema aliniambia nisifunge geti kwa sababu fundi wa bomba anakuja, nikalifunga na kufuli juu. Sasa mkwe utamwambia rudia mara ngapi? Nitaonekana mama mkwe wa aina gani? Kwa hiyo huwa namwitikia tu. Kwa redio nako hatupatani, mimi naongeza, mwanangu anapita anapunguza, naongeza tena, ananitazama kwa jicho la mwalimu. Hata kwa wenzangu jioni siendi siku hizi, wamekuwa na tabia ya kuongea wote kwa pamoja, wanacheka sijui wamecheka nini, nami nabaki natabasamu kama picha ya ukutani, bora nikae kwangu.

Jumatatu hii nimefika kazini, mkasi wangu haupo. Mshauri, mkasi ule ninao tangu mwaka wa kwanza wa kazi, haujawahi kukata karatasi, haujawahi kukata hata uzi wa gunia, mwenye kuugusa nyumbani kwangu alikuwa anaomba ruhusa. Nikarudi nyumbani mbio nikamwuliza mwanangu, akaniambia bila aibu, "Nimeuhifadhi, mama. Usije ukajikata, au ukakata tena nguo ya mtu." Kisha akaniambia kwamba Jumapili kaka zangu wawili wanakuja, tutakaa kama familia, na kwamba itakuwa vizuri nikirudisha funguo za chumba kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa hiari yangu, kuliko kungoja nitolewe. Kwa hiari yangu! Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini.

Nikikuambia siogopi nitakuwa mwongo. Mama yangu mzazi alimaliza maisha yake akiniita mimi dada, akiniuliza mama atarudi saa ngapi, na ninamjua mwanangu, anaogopa kuliko mimi, ndiyo maana amekuwa mkali. Lakini bila kile chumba mimi nitaamka asubuhi niende wapi? Niambie ukweli. Kuna namna ya kuinoa kumbukumbu ya mtu wa umri wangu, au ndiyo basi, nikubali nipumzishwe?

Ni mimi, Fundi Aliyefichiwa Mkasi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nyekundu nami, asiwe nayo mwanao peke yake. Nimekuwa natafuta kitu kimoja tu. Nitajie jambo hata moja ulilolisoma, au kuliona kwa macho yako, au kulishika kwa mikono yako, ukalisahau. Nimetafuta tangu mstari wa kwanza mpaka jina lako la kujificha, sijaliona. Kamba ya kiatu cha mteja miezi miwili iliyopita unayo. Viuno vya wanawake wanane unavyo. Vitu ishirini vya sokoni unavyo, na karatasi imebaki mezani! Mimi nina miaka sitini na saba, natumwa vitu vitatu narudi na viwili na kimoja ambacho sikutumwa.

Sasa tuangalie ulivyovipoteza. Marinda, yaliyonong'onwa mlangoni cherehani ikinguruma. Jiko, lililosemwa bafuni maji yakimwagika. Fundi wa bomba, aliyetajwa na mkwe anayeongea na kifua chake. Daktari wa meno na mtoto wa jirani, waliouliziwa na mtu aliyekupa mgongo kwenye karai la vyombo. Vyote hivyo vilitakiwa kupita mlango mmoja, mama, na mlango huo ni sikio. Hukuyasahau marinda. Marinda hayakufika. Kilichofika ni "ma" na vumbi la neno, wewe ukajaza mwenyewe, na ulichokijaza umekikumbuka sawasawa mpaka leo.

Halafu kuna huyo jirani yako wa vyuma. Mama, hajanunua mashine mpya. Nenda kamwulize kesho asubuhi, na umwangalie usoni wakati anakujibu.

Mimi si daktari na sitajifanya. Kwa hiyo kabla ya Jumapili, narudia, kabla, nenda hospitali ukapimwe masikio yote mawili. Inawezekana ni nta tu imejaa, inatolewa unarudi nyumbani unamsikia mkwe wako hata akipumua. Inawezekana miaka thelathini na minane ya cherehani huku na chuma kule imekula sehemu, na hapo watakuambia kuhusu kifaa cha kukusaidia kusikia. Usianze kuniambia kwamba kitakuzeesha. Miwani unavaa au huvai? Ukiwa hapo hapo mweleze daktari habari ya mama yako, yote, usiifanye siri, akupime presha na sukari na aangalie kama kuna dawa unayotumia inayokuzubaisha. Yule aliyekuita dada alikuachia hofu, na hofu hiyo ni halali yako, sikucheki. Lakini hofu haikupi majibu. Anayeyatoa ni daktari. Na akikuambia kwamba masikio yako ni mazima na shida kweli iko kichwani, basi utakuwa umeijua mapema, utajipanga ukiwa na akili zako, na bado hakuna aliyeandika popote kwamba dawa yake ni kufichiwa mkasi.

Nimemaliza kukuonea huruma. Sasa nakugombeza.

Hilo neno lako, "sawa mama, nimekupata", ndilo lililoshona magauni manane mabaya. Hukumpata! Ulijua hukumpata, ulishika neno moja kati ya matano ukaona aibu kuuliza, na aibu hiyo unaibeba kila mahali, kwa mteja, kwa mkwe, kwa wenzako wa jioni. Kisha unashangaa watu wakikuona umechanganyikiwa. Mtu akiitikia asichokisikia, wenzake watafikiri nini? Na kitambaa je? Fundi wa miaka thelathini na minane, unaletewa robota, unamaliza kazi nusu yake imebaki, na unasema wana mkono mpana! Marinda ndiyo yanayokula kitambaa hivyo, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kitambaa kilikuwa kinakupigia kelele mezani, na macho yako hayana shida. Hapo hukuzeeka, hapo ulijiamini mno.

Hiyo sifa ya kutoandika kipimo imekupa jina, nakubali, lakini imekuharibia kazi. Kwa Kiswahili chetu kumbukumbu tunaiwekaje? Tunasema weka kumbukumbu. Hatusemi ibebe, hatusemi ifiche kichwani watu waje kushangaa. Tunaiweka, kama unavyoweka kitambaa kwenye rafu, ili ukirudi uikute. Nunua daftari leo. Mteja akiingia, cherehani inazimwa, pindo la pazia litasubiri, halitakimbia. Akae upande wa pili wa meza, mtazamane, achore anachotaka hata kama hajui kuchora, aandike pembeni, marinda au marefu, na wewe umsomee kabla hajatoka. Mkwe wako naye mwambie hivi, "Baba, heshima yako imenifika, sasa ipandishe sauti." Atacheka, na mambo yatakwisha.

Umeniuliza kama kumbukumbu inanoleka. Inanoleka, lakini si kwa kuhesabu saba saba na povu kidevuni, hesabu hizo tayari unazijua, hazikupi kazi yoyote. Jipe jambo usilolijua. Shona mtindo ambao hujawahi kuushona, ufumue, uushone tena. Tembea kwenda kazini kwa miguu kama afya inaruhusu, lala vya kutosha, na urudi kwa wenzako jioni. Hili la wenzako ndilo lililonikera kuliko sufuria. Kichwa kinachokaa peke yake na redio kinazubaa, kinakosa cha kujibu. Nenda, kaa karibu na yule anayeongea zaidi, na wakicheka usichokisikia uliza, "Mmecheka nini?" Wakikuona msumbufu, wakuone.

Magauni hayo manane yashushe kwenye rafu. Yafumue ubavuni, chukua kitambaa kilichobaki, ingiza vipande vya marinda kila upande, kuanzia kiunoni kwenda chini. Uwapelekee bila kudai kitu, na umwambie Mama Sauti ukweli kwa maneno mawili, sikukusikia, nikakuitikia. Mwombe naye akija kwako asinong'one, sauti yake haitaisha kwa gauni moja.

Nina neno na mwanao, kwa hiyo mpe gazeti, asome hapa.

Mwalimu, umeogopa, na mtu akiogopa kwa ajili ya mama yake hatumcheki. Lakini mtihani wako ulikuwa mbovu. Umeuliza maswali bomba likiwa wazi, umegeuza mgongo, umesahihisha majibu, umebandika alama kabatini mbele ya mumeo, na hukujiuliza hata siku moja kwa nini mwanafunzi huyo huyo akipewa karatasi anapata yote na akiulizwa kwa mdomo anafeli. Darasani kwako ungejiuliza. Ng'oa hiyo karatasi. Mkasi urudi kwenye meza ya kukatia leo hii, na kama ulikatia vielelezo vya darasani, mimi simo, mtaelewana wenyewe.

Jumapili, wajomba zako wakishakaa, zima redio, funga bomba. Mama akae, wewe simama nyuma yake hatua tano, useme kwa sauti yako ya kawaida neno moja, ama marinda ama marefu, mara kumi, ukichanganya, naye ataje alichosikia. Mjomba mkubwa aandike alama. Kisha kaa mbele ya mama yako, mtazamane, mrudie yale yale kumi. Zilinganisheni karatasi mbili hizo, mzibebe mkampelekee daktari, na ya funguo msiyaguse mpaka mtakapotoka kwake.

Mwalimu, kila mwaka unampata mtoto anayekaa nyuma kabisa ya darasa, anaitikia kila kitu, haelewi chochote, na wenzake wanamwita mjinga. Wewe unajua cha kufanya. Humnyang'anyi kalamu, wala humwambii arudi kwao kwa hiari yake. Unamwita kwa jina, unamleta mbele.

Mama yako amekaa nyuma miaka mingi, anakuitikia "haya". Mlete mbele.